Piga Magoti, Kisha Inuka Uende

Kuomba, watu wa Bujumbura tunajua. Alfajiri tunaomba, Ijumaa tunakesha, shida ikibisha hodi tunafunga. Ugumu unaanza baada ya "Amina". Nichukue kazi ile ya Kigoma au nibaki? Mtoto ana homa, nimpeleke kituo cha afya usiku huu au ningoje kukuche? Majibu ya vipimo yametoka mabaya, sasa Mungu anataka nifanye nini?

Mara nyingi Mungu anaanza kukuongoza kwenye hatua unayoijua tayari. Piga hiyo, na inayofuata utaiona ukiwa njiani. Anayekwama ni yule anayekaa akingoja ishara kubwa huku jambo la leo ameliacha palepale. Hizi hapa mbinu, kwanza za siku ukiwa mzima, kisha za siku mwili unapokataa.

Siku za kawaida

Soma kabla ya kushika simu. Tenga robo saa asubuhi. Usifungue Biblia kwa kubahatisha, ukauchukua mstari wowote uliokutana na macho yako kuwa ndio jibu. Chagua kitabu kimoja uende nacho mpaka mwisho. Ukikosa pa kuanzia, anza na Injili ya Luka. Ina sura 24; kwa sura moja kila siku utaimaliza kabla mwezi haujaisha. Paulo anamtaja Luka kuwa tabibu katika Wakolosai 4:14, na ukisoma utaona wagonjwa wanavyopewa nafasi katika Injili yake.

Uliza swali linalojibika. Kumwambia Mungu akuongoze ni vizuri, lakini ukiishia hapo hutalitambua jibu likija. Taja jambo lenyewe. Niweke pesa hii kwenye kikundi cha akiba au nilipe kwanza deni la kaka? Nimkubali kijana huyu au nimpe muda? Ukilitaja, hata wewe mwenyewe unaanza kuliona vizuri.

Weka daftari. Daftari la shule linatosha. Gawa ukurasa sehemu tatu: swali langu, ninachokijua tayari, hatua ya wiki hii. Tuseme dada anataka kufungua meza ya vitenge soko la Kotebu. Kwenye swali anaandika: nifungue mwezi huu? Kwenye anachokijua: nina nusu ya mtaji, mume hajakubali, deni la zamani bado. Kwenye hatua: nizungumze na mume Jumatano jioni, nimlipe mdai sehemu ya pesa yake. Njia imeshaanza kuonekana, na hakuhitaji ndoto. Andika na tarehe. Miezi ikipita, rudi nyuma usome. Utakuta maombi yaliyojibiwa ambayo ulikuwa umeshayasahau.

Tafuta washauri watatu. Mmoja awe mtu wa Neno: padri, mchungaji, katekista au mama wa maombi mwenye busara. Wa pili awe analijua jambo lenyewe, maana habari za mkopo huulizwa mtu aliyewahi kukopa akalipa. Wa tatu awe anakupenda kiasi cha kuweza kukuambia hapana. Mithali 15:22 inasisitiza wingi wa washauri. Ukichagua watatu ambao wote watakubali kila unachosema, umejishauri mwenyewe.

Usiamue ukiwa hoi. Soma 1 Wafalme 19. Eliya alifika mahali akaomba afe. Kabla ya kupewa kazi yoyote, malaika alimpa chakula na maji, akalala, kisha akalishwa tena. Safari na maagizo vilikuja baadaye. Nawe usivunje uchumba, usiache kazi, usiuze kiwanja ukiwa hujalala, una njaa, au uko siku ya tatu ya mfungo. Kula. Lala. Amua kesho.

Omba kwa ufupi katikati ya kazi. Nehemia alipoulizwa na mfalme anataka nini, aliomba palepale ndipo akajibu. Iko Nehemia 2:4. Fanya hivyo kabla ya kupokea simu ngumu, kabla ya kumjibu bosi, kabla ya kumkemea mtoto. Pumzi moja inatosha.

Mambo mazito yaamue mapema. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia Seminari Ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waseminari 40 waliuawa. Uamuzi wa namna ile hauwezi kutungwa kwa dakika moja mbele ya bunduki. Ulilelewa siku nyingi kabla, mezani, darasani na kanisani, wakiishi kama ndugu wakati nchi inaungua kwa vita. Chukua daftari lako, andika mambo ambayo hutayafanya hata ukibanwa: sitakula rushwa, sitamhukumu mtu kwa kabila lake, sitamficha mgonjwa wangu kwa kuogopa aibu. Siku ya kubanwa ikifika, jibu litakuwa limeshaandikwa.

Ukiletewa unabii

Itafika siku mtu atakuambia, "Mungu amenionyesha jambo lako." Usimdharau, wala usimkimbilie. 1 Yohana 4:1 inatuagiza tuzipime roho, kwa hiyo kupima ni utii. Jiulize maswali matatu.

Kwanza, neno hilo linakubaliana na Neno la Mungu zima, au limetegemea kipande cha mstari mmoja? Pili, linanidai pesa, siri au haraka? Neno la Mungu halichachi. Ukiambiwa utoe sadaka kabla ya jua kuzama la sivyo mlango utafungwa, ondoka. Tatu, linanifanya nimchukie nani? Ukitajiwa jirani, shangazi au mama mkwe kuwa ndiye aliyekuroga au aliyekutilia sumu, usilibebe neno hilo hadi nyumbani. Limeshavunja koo nyingi, na mgonjwa akabaki hajatibiwa.

Likumbuke na jambo la Loliondo. Mwaka 2011, Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kama Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Watu walitoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Foleni za magari zilikuwa za kilomita nyingi. Wapo waliotolewa hospitali wakafia barabarani, na wapo walioacha dawa zao za kila siku kwa kuamini wamepona. Jifunze hili moja: imani yako iwe kwa Mungu, na dawa yako iendelee mpaka daktari aseme.

Mwili ukiuma

Omba ukiwa unakwenda. Tuseme ni saa nne usiku Kinama, mtoto anachemka. Muombee ukiwa unamfunga mgongoni. Ukiona mojawapo ya haya, usingoje asubuhi: degedege, kutapika kila anachopewa, kushindwa kunywa au kunyonya, kulegea au kutoamka vizuri, kupumua kwa shida. Malaria kwetu inaua watoto haraka, na uwanda wa Imbo tunaoishi ni wa joto na mbu. Hata kama dalili hizo hazipo, homa ya mtoto ipimwe ndani ya siku moja. Tangu mwaka 2006, matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na uzazi ni bure katika vituo vya serikali. Usikae nyumbani kwa kuogopa gharama ambayo pengine haipo.

Kuhara maji mfululizo hakungoji mkesha. Kipindupindu huurudia mji huu mara kwa mara, hasa mitaa yenye shida ya maji. Anza kumpa mgonjwa maji yenye chumvi maalumu za kuongeza maji mwilini, kidogo kidogo, huku mkielekea kituoni. Maombi ya kikundi yaendelee nyuma yenu.

Tayarisha mfuko kabla ya kuugua. Weka pamoja kitambulisho, kadi ya bima ya afya (CAM au mutuelle), karatasi za vipimo vya zamani, majina ya dawa unazotumia na pesa kidogo ya dharura. Andika namba mbili za majirani wenye gari au bajaji, maana mafuta ya gari yanaweza kukosekana na usiku si wa kubahatisha. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani mfuko uko wapi. Hayo nayo ni maandalizi ya mtu wa imani.

Ingia kwa daktari na maswali matatu. Yaandike: Nina ugonjwa gani? Dawa hizi nazinywa vipi na kwa muda gani? Nikiona nini nirudi haraka? Usitoke kabla hujaelewa. Kuuliza si ujinga. Mwambie daktari ukweli wote: mitishamba uliyokunywa, mafuta uliyopewa unywe, siku ulizofunga. Daktari akifichwa hivyo, anaweza kukupa dawa zitakazogombana na ulichokunywa.

Usitenganishe maombi na tiba. Katika 2 Wafalme 20, Mungu alishamwahidi Hezekia kwamba atapona. Bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwepo na dawa ilitumika. Ukirudi kwenye historia yetu, Uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930, uliofika hadi Burundi, ulishika moto Gahini nchini Rwanda, kwenye misheni yenye hospitali. Joe Church, mmoja wa waliouongoza, alikuwa daktari wa hospitali hiyo. Watu wale waliungama, wakaimba, wakahubiri, na wodi hazikufungwa.

Ukiamini umepona, rudi upimwe. Yesu aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani. Iko Luka 17. Makuhani ndio waliokuwa na mamlaka ya kuthibitisha kwamba mtu ametakasika. Wewe nenda kwa daktari. Dawa za kifua kikuu za kawaida zinanywewa miezi sita, hata kama kikohozi kimeisha mwezi wa pili. Dawa za VVU hazikatishwi. Insulini haiachwi hata siku moja kwa amri ya mtu. Vivyo hivyo dawa za presha na za kifafa. Anayekuambia uziache kama ushahidi wa imani, muulize kama yuko tayari kwenda nawe kwa daktari akayaseme hayo mbele yake.

Funga kwa akili. Kama una kisukari, una mimba, unanyonyesha, au dawa zako zinataka chakula, usifunge kula. Funga simu. Funga muziki. Funga soda, na pesa yake umpe mgonjwa mwenzako. Mungu anaupokea mfungo usioharibu mwili aliokupa.

Mwite padri au wazee wa kanisa mapema. Yakobo 5:14 inamwelekeza mgonjwa awaite wazee wamwombee na kumpaka mafuta. Wakatoliki wengi wanauogopa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa wakidhani ni wa kuagia. Ni sakramenti ya wagonjwa, na mtu anaweza kuipokea zaidi ya mara moja maishani. Ukipangiwa upasuaji mkubwa, uombe kabla ya siku hiyo, ukiwa bado unaweza kujibu sala mwenyewe.

Usichimbe dhambi iliyoleta ugonjwa. Wanafunzi wa Yesu walitaka kujua ni nani aliyekosa hata yule mtu akazaliwa kipofu. Soma Yohana 9 uone Yesu alivyolikataa wazo lao. Hapa kwetu tunaye Jeanne Gapiya-Niyonzima. Katikati ya miaka ya 1990, wakati ukimwi ulikuwa ni ugonjwa wa kunong'onwa, alisikia mahubiri yaliyowahesabu wenye virusi kuwa wenye dhambi. Akasimama kanisani, mbele ya watu, akasema kwamba yeye anavyo. Alikuwa Mrundi wa kwanza kulitangaza hilo hadharani. Chama cha ANSS alichokianzisha na wenzake mwaka 1993 kimewafikisha watu wengi kwenye vipimo na dawa. Ukiona aibu inakufunga mdomo, mkumbuke mama huyo. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Chagua mtu mmoja wa kuaminika umwambie leo.

Akili nayo inaugua. Mtu akiacha kulala kwa siku nyingi, akisikia sauti, akitaka kujidhuru, au huzuni ikimlaza kitandani kwa wiki, usimfunge kamba kwenye chumba cha maombi. Mpeleke kwa wataalamu. Kamenge kuna kituo cha wagonjwa wa akili kinachoendeshwa na watawa wa shirika la Frères de la Charité. Watawa, tena wanatoa dawa. Omba naye akitaka, na umsindikize siku za kurudi kliniki.

Uponyaji ukichelewa, endelea kusema na Mungu. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Iko 2 Wakorintho 12. Hakuwa na imani haba. Siku ukikosa maneno, soma Zaburi 88. Inaishia gizani, na bado ni sala iliyowekwa ndani ya Biblia. Kwa hiyo una ruhusa ya kulia mbele za Mungu bila kupamba. Kisha uliza swali dogo: leo, kwa nguvu hizi nilizonazo, nimpende nani na nifanye nini? Mgonjwa naye ana wito wa siku hiyo. Huenda ni kumsamehe ndugu, kuandika wosia, kumfundisha mjukuu sala, au kukubali kuoshwa na mtu mwingine.

Ukienda kumwona mgonjwa

Pengine uongozi unaouomba wewe umefungwa ndani ya shida ya mwenzako. Ukimtembelea, fanya hivi.

Beba kinachotumika. Hospitali zetu nyingi zinategemea ndugu kuleta chakula na kumhudumia mgonjwa. Ukienda Prince Régent Charles au hospitali ya Kamenge, chukua uji kwenye thermos, sabuni, maji safi na kanga ya kujifunika. Muulize na yule anayelala naye kama amekula. Mara nyingi hajala. Mwambie aende nyumbani akaoge, wewe ukae saa mbili.

Omba kifupi, kwa sauti ya chini. Dakika mbili zinatosha. Wodi ina wengine, na huenda kuna Mwislamu wa Buyenzi kitanda cha pili anayehitaji usingizi. Muulize mgonjwa anataka umwombee nini. Usimkisie.

Jua kunyamaza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa wanafanya vizuri. Waliharibu walipoanza kueleza kwa nini anaumwa. Kaa, mshike mkono, msikilize.

Uliza habari za bili. Wapo wagonjwa waliopona lakini wakashindwa kutoka kwa kukosa malipo. Jumuiya yenu au kwaya yenu ianzishe mfuko mdogo: kila mtu faranga kidogo kila wiki, katibu mmoja, mtunza pesa mwingine, daftari lisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi. Bili ikionekana nzito, mmoja wenu amwone afisa wa huduma za jamii wa hospitali mapema, asingoje siku ya kuruhusiwa.

Anza leo

Usijaribu yote kwa mpigo. Leo nunua daftari, uandike swali moja. Kabla ya kulala, kusanya karatasi zako za hospitali uziweke mahali pamoja. Kama kuna kipimo unachokiogopa, panga siku ya kwenda wiki hii na umwombe mtu akusindikize. Kama kuna dawa uliyoiacha, kesho asubuhi rudi kituoni useme ukweli. Hawatakumeza.

Mungu amekupa Neno lake, watu wake, akili yako na waganga wenye elimu. Vyote vinne ni vyake. Vitumie pamoja, na ukipiga magoti jioni hii, mwombe nguvu za kuitimiza hatua uliyoiandika.